Miezi minane, bado anakalishwa kwenye kiti

"Shikamoo mama. Mimi ni mwenyeji wa Bagamoyo, nina miaka 34, nafundisha ngoma. Mke wangu ni Mjerumani. Tulikutana alipokuja kujifunza ngoma kwa miezi miwili, akarudi mara mbili kwa likizo, tukaoana, na mwezi wa kwanza mwaka huu akahamia moja kwa moja. Tunakaa nyumba ya familia pamoja na mama, dada yangu na wanawe watatu, sisi wawili tuna chumba chetu kimoja. Alipokuwa anakuja kutembea alicheka na kila mtu, alikula pweza barabarani, watoto walimfuata mpaka pwani. Sasa ni mwezi wa nane na simjui tena. Mchana anajifungia chumbani. Asubuhi anapita uani kwenda bafuni bila kusalimia. Jirani alifiwa, mke wangu akakaa msibani saa nzima tu, akanyanyuka akaenda kulala. Wiki iliyopita alilia kwa sababu watoto walimcheka akichota maji. Analalamika kwamba hata mama mkwe anamwita mzungu. Mama naye hamwachii kushika hata mwiko, anampikia kila siku, anamwekea kiti na meza yake, halafu ananiambia: huyo mkeo anatuona takataka. Mimi natoka saa mbili asubuhi, narudi saa tatu usiku, nikifika kila mmoja ana mashtaka yake. Je, mapenzi yamekwisha? Nisubiri azoee, tuhamie Dar, au nimrudishe kwao?"

Marahaba, mwanangu. Pole, na mkeo mpe pole. Na mama pia, maana naye anaumia na naona hakuna aliyemuuliza.

Swali lako la mapenzi nitaliweka kando kidogo, kwa sababu katika yote uliyoandika sijaona hata moja linalohusu mapenzi. Nimeona mlango, bafu, msiba, ndoo ya maji, kiti. Hayo ndiyo mambo yanayowachosha watu wanaohamia ugenini. Nimewafundisha wageni wanaokuja kufanya kazi Tanga na Pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, Kiswahili asubuhi na desturi mchana, na sijamwona aliyeshindwa na jambo kubwa. Malaria wanaistahimili, umeme ukikatika wanawasha mshumaa. Wanashindwa na kiti.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo naona wewe na mama mnaishirikiana bila kujua: kwamba kama alipapenda Bagamoyo alipokuja kutembea, akihamia angepapenda zaidi. Kutembea na kuishi ni kazi mbili tofauti. Mtalii makosa yake yamesamehewa kabla hajayatenda. Akipita bila kusalimia, watu husema ni mgeni, hajui. Akivaa kaptura mbele ya msikiti, atafunikwa na kanga, watu wacheke, yaishe. Ana tiketi ya kurudia, na ana mwenyeji (wewe) aliyeacha shughuli zake ili amtembeze Kaole na Mji Mkongwe. Hadaiwi na mtu, wala hakuna anayemtegemea. Siku aliyoshuka na masanduku yote, msamaha huo ukafutwa, lakini hakuna aliyemwambia umefutwa, wala hakuna aliyemkalisha akamfundisha kanuni ambazo sasa anahukumiwa nazo. Watoto waliomfuata pwani ni hao hao wanaomcheka kisimani. Wao hawajabadilika. Yeye ndiye amebadilishwa cheo.

Sasa tuuchukue mlango, kwa sababu hapo ndipo mama yako ameumia zaidi. Kwetu pwani mlango wa nyumba yenye watu hufunguliwa alfajiri na hufungwa usiku. Ukifungwa mchana kuna jambo: mgonjwa, ugomvi, au waliomo hawataki watu. Mama akiuona mlango wa mkwe umefungwa saa nane mchana, anasoma "sitaki kuwaona". Ujerumani mlango wa chumba kufungwa ndiyo hali yake ya kawaida. Hata maofisini kwao wengi hufanya kazi mlango umefungwa, ukibisha unakaribishwa kwa furaha. Kuufunga hakumlengi mtu yeyote, ni kama wewe kuvaa shati. Kwa hiyo mkeo anafunga mlango apumzike, mama anasikia tusi, anajibu kwa kununa, mkeo anaona amenuniwa bila sababu, anafunga mlango tena. Hakuna mwenye nia mbaya katika mzunguko huo, na unaweza kuzunguka miaka.

Msiba ni vivyo hivyo. Maziko ya Kijerumani yana saa yake: watu hualikwa, huja kwenye ibada, huzika, mara nyingi hunywa kahawa na keki pamoja, kisha kila mtu kwake. Kukaa mkekani siku tatu bila kusema neno, kuwepo tu, hilo hawana. Mkeo alipokaa saa nzima kwenye msiba wa jirani, kwa hesabu za kwao alitoa heshima kubwa. Nina hakika pia, ingawa hukuandika, kwamba alipewa kiti cha plastiki wakati wanawake wenzake wako chini wanachambua mchele. Saa nzima juu ya kiti, huelewi kinachosemwa, mikono haina kazi, watu wanakutazama: ni ndefu hiyo.

Kuhusu kupita uani bila salamu, mama asimhukumu haraka. Nilivyowaona mimi, Wazungu wengi huhesabu kwamba mtu aliyetoka kitandani na taulo mkononi bado "hajatoka", na kumsalimia ni kumwaibisha. Marehemu bibi yangu wa Pangani naye alikuwa haamkiwi kabla hajasukutua, na hakuwa Mjerumani.

Hali hii ina jina katika taaluma. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliizungumzia mwaka 1954 mbele ya klabu ya wanawake huko Rio de Janeiro, kisha makala yake ikachapishwa mwaka 1960, na tangu hapo inaitwa mshtuko wa utamaduni. Neno "mshtuko" mimi silipendi. Mshtuko huja mara moja kama umeme, na hiki ni kitu kinachodondoka tone tone. Lakini maelezo yake ni sahihi: mtu nyumbani kwao huongozwa na mamia ya ishara ndogo asizozifikiria, lini atoe mkono, lini akubali mwaliko, lini maneno yanasemwa kwa dhati na lini ni utani. Ugenini ishara hizo zinazimika zote kwa pamoja. Jambo ulilokuwa ukilifanya bila akili sasa unalifanya kwa akili: kuamkia, kununua nyanya, kukataa chai bila kumkera mtu. Ikifika saa saba mchana kichwa kimechoka kama cha aliyefanya mtihani. Na mkeo ana mtihani wa ziada, kwa sababu watu wa pwani hatusemi wazi. Dada yako akitaka kumwambia wifi yake jambo, anaweza kuvaa kanga yenye jina linalosema jambo hilo, akakatiza uani mara tatu. Mkeo ataona ua jekundu na kitambaa kizuri.

Nayajua haya kwa ngozi yangu. Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, Tanga, na niliishi Bergen, Norwei, miaka minne nikisoma. Mwezi wa nne hivi nililia mbele ya mapipa ya taka. Jengo letu lilikuwa na pipa la karatasi, pipa la plastiki, pipa la mabaki ya chakula, na asubuhi moja nikakuta mfuko wangu umerudishwa mlangoni kwangu, umebandikwa kijikaratasi chenye maneno machache ya Kinorwei, ya adabu kabisa. Nilifiwa na baba na sikulia namna ile. Ilikuwa takataka tu! Ndiyo maana sikushangaa kusoma kuhusu ndoo ya maji. Mkeo hakulilia ndoo. Ile ilikuwa tone la mwisho la miezi minane.

Unauliza kama usubiri azoee. Huu ushauri wa "atazoea tu" una historia. Mnorwei mmoja, Sverre Lysgaard, alichapisha mwaka 1955 utafiti kuhusu wenzake waliokwenda Marekani kwa ufadhili. Aliona waliokaa chini ya miezi sita wako vizuri, waliokaa kati ya miezi sita na kumi na minane wana hali mbaya, waliozidi hapo wametulia. Toka hapo watu wakachora mstari: unashuka, unapanda, kama bakuli. Ukiuamini mstari huo, mkeo wa miezi minane yuko chini ya bakuli na wewe kazi yako ni kuvuta subira. Lakini mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani walioenda New Zealand, wakakuta shida kubwa ilikuwa mwanzoni kabisa, hakuna fungate yoyote. Watu hawapandi kwa sababu kalenda imesogea. Wanapanda kwa sababu lugha imeongezeka, wamepata rafiki, wamepata kazi ya mikono yao. Nimewaona walioishi hapa miaka kumi na bado wako pale pale walipokuwa mwezi wa tatu. Kwa hiyo usisubiri.

Ufanye nini? Hapa nitasema neno ambalo huenda likamkera mama yako: anamheshimu mno mkwe wake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tunausema msemo huu tukimlaumu mgeni mvivu, lakini uangalie tena. Jembe ndilo linalomtoa mtu ugeni. Mkeo anakula peke yake mezani, kwa kijiko, kipande cha samaki kilichonona amewekewa yeye, na sauti za watu wakicheka kwenye sinia moja anazisikia kwa nyuma. Mama anasema kwa vitendo "nakuthamini". Binti wa watu anasikia "wewe si wetu". Miezi minane anapewa kiti, jembe hapewi.

Mimi jembe langu lilikuwa reki. Wanorwei wana desturi inaitwa dugnad: siku moja ya machipuko wapangaji wote hutoka kusafisha uwanja wa jengo. Mzee wa ghorofa ya pili, ambaye miezi sita nzima aliijibu salamu yangu kwa kuangalia viatu vyake, akanikabidhi reki, akanionyesha rundo la majani, basi. Tukafanya kazi saa tatu bila mazungumzo, tukala soseji, tukanywa kahawa. Kuanzia siku ile alinisalimia yeye kwanza. Sikuwa nimeelewa Kinorwei zaidi ya jana yake. Nilikuwa nimechafuka pamoja nao.

Kwa hiyo zungumza na mama, kwa adabu na mkiwa wawili. Umweleze ule mlango, umweleze kwamba kiti kinamuumiza mkwe wake. Umwombe ampe kazi ya kila siku, kazi ya kweli, ambayo asipoifanya itaonekana: kukuna nazi, kuwaogesha watoto, chochote. Atakuna vibaya, ataivunja mbuzi, watamcheka. Mwache achekwe na wewe usikimbilie kumtetea, kwa sharti kwamba siku hiyo hiyo naye apewe nafasi ya kuwacheka. Kwetu sisi watani tunajua kazi ya kicheko. Yeye hajui, umfundishe kwamba anayechekwa bado anahesabiwa, anayenyamaziwa ndiye aliyeachwa. Ukitokea msiba, aende na wifi yake, akae mkekani, ashike ungo. Na mchango wake uandikwe kwenye daftari kwa jina lake mwenyewe, kiasi kile kile wanachotoa wanawake wa mtaa. Akitoa zaidi kwa kuwa ni Mzungu, mtakuwa mmemrudisha kwenye kiti.

Neno "mzungu" lisitumike tena ndani ya nyumba. Barabarani hamtaliweza, mama mkwe analiweza. Ninyi mna majina ya kutosha: dada yako amwite wifi, watoto wamwite mkaza mjomba, mama amwite mkwe wangu au mwanangu. Ni jambo dogo la siku moja, na katika yote ninayokuandikia ndilo litakalomgusa haraka zaidi.

Halafu mtafutieni somo. Simaanishi mambo ya unyago. Namaanisha mwanamke mtu mzima, mcheshi, asiye ndugu yenu, atakayekaa naye mara mbili kwa wiki amweleze bila kuficha: ukifanya hivi watu wanakuelewa hivi. Hilo huliwezi wewe. Wewe ni mume, na tena ni mkalimani mbaya, usikasirike. Waume wote wanaotafsiri kati ya mke na mama hulainisha maneno njiani, hivyo kila upande unapokea barua ambayo mwenzake hakuiandika.

Sasa niseme na wewe. Unatoka saa mbili asubuhi, unarudi saa tatu usiku. Darasa la ngoma haliendi saa kumi na tatu, mwanangu. Sehemu ya saa hizo ni kijiweni, na sikuhukumu, ndivyo wanaume wa mjini kwako wanavyoishi. Lakini mtu pekee ambaye mkeo anaweza kuongea naye bila kutafuta maneno ni wewe, na anakupata akiwa amechoka na wewe umechoka. Hili si suala la utamaduni. Hata angekuwa Mkwere wa Dunda angelalamika. Rudi saa kumi na moja jioni, siku nne kwa wiki, mtembee pwani mkiongea lugha mliyopendania.

Kuhusu Dar: Wazungu wengi wanaishi Masaki na Oysterbay, atapata wa kuongea naye, na wapo ambao kuhama kuliwaokoa. Hofu yangu ni kwamba atakuja Bagamoyo Jumapili kama zamani, kutembea, na ugomvi wa mlango utabaki pale pale ukiwasubiri. Kama lazima mhame, mimi ningechagua vyumba viwili vya kupanga mtaa ule ule, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Awe na jiko lake, apike na amwalike mama, mama awe mgeni wake hata mara moja. Tangazo la kuhama litoke kinywani mwako, kama uamuzi wako wewe mwanamume, ikibidi kwa kupitia kwa mjomba. Likitoka kwake, mtaa mzima utasema Mzungu amemtenga mtoto na mamaye.

Kumrudisha kwao "moja kwa moja" usikuamue wewe, hata kwa huruma. Mtu mzima hapelekwi. Kwenda kupumzika mwezi mmoja ni jambo jingine, na akiweza aende, ila asishangae akijiona mgeni huko pia. Waliosoma jambo hili, John na Jeanne Gullahorn, waliandika mwaka 1963 kwamba kurudi nyumbani nako kuna kushuka kwake. Na ikiwa baada ya kujaribu haya yote atasema hataki kuishi hapa, asikilizwe. Huenda zamu ya kuwa mgeni ikawa yako. Mji wenu una mfano wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata wakajaribu kurudi huku wawili, na serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka. Wakageuza, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Wao waliamuliwa na gavana mahali pa kuishi. Ninyi mnaweza kukaa barazani mkaamua.

Mambo mawili ya kushughulikia kwa haraka. Hakikisheni kibali chake cha kukaa nchini kiko sawa, mwende Uhamiaji wenyewe na si kwa kumtuma mtu, na mjue kwamba kufanya kazi kunahitaji kibali kingine. Hofu ya karatasi hula usingizi wa watu wengi kimyakimya. La pili, muulize anakunywa dawa gani ya kinga ya malaria. Kama ni mefloquine, inayojulikana pia kwa jina la Lariam, dawa hiyo kwa baadhi ya watu huleta wasiwasi, ndoto mbaya na huzuni nzito. Asiiache kienyeji, amwone daktari ambadilishie.

Na uchovu una mpaka wake. Akipitisha wiki mbili halali, hali, haogi, hata yale aliyoyapenda hayamgusi, huo si ugeni tena, mpeleke hospitali. Akitamka kwamba hataki kuishi, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali ya wilaya usiku huo huo, na usimwache peke yake hata kidogo. Kwa matibabu ya kuendelea, Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Ikiwa anahitaji tu mtu wa kumsikiliza, atafute mshauri anayezungumza Kijerumani kwa njia ya intaneti, maana kulia kwa lugha ya kujifunza ni kazi nyingine juu ya kazi.

Dawa ya mlango nimeiacha mwisho kwa sababu ninyi mnayo kuliko Wajerumani: pazia. Mlango wazi, pazia limeshushwa. Mama anaona mlango wazi, mkeo haonekani, anayemhitaji anasema hodi na kungoja. Usilinunue wewe. Mpe mama hela, umwambie achague kitambaa yeye na mkwe wake, waende dukani wawili, wapime mlango kwa kanga kwanza. Wewe ubaki nyumbani na watoto.